Gauni la Katikati

Bulengera, Butembo, tarehe 5 mwezi wa saba

Mwanangu Kavugho,

Leo nimeamua kukuambia yote, hata yale ambayo watu wazima wa nyumba hii wamekubaliana usiyajue. Nitaandika mpaka nimalize, na kesho asubuhi nitakupa karatasi hizi pamoja na chai yako, kabla hujavaa viatu. Soma polepole. Neno usilolielewa, niulize. Nitakuwa pale pale karibu na jiko.

Najua utacheka kwanza, kwa sababu nimekuita mwanangu. Wewe huniita Yaya, na kweli mimi ni dada yako mkubwa tu, ninayevaa sketi ya bluu na shati jeupe kama wewe. Lakini tangu Mama afariki, mwalimu wako akiita wazazi anayekwenda ni mimi. Unakumbuka siku ile mkurugenzi wa shule alipouliza, "Muzazi wa Kavugho ni nani hapa?" nami nikasimama na mfuko wangu wa shule mgongoni, wazazi wote wakageuka kunitazama? Ulitaka kuingia chini ya benchi. Mimi pia nilitaka. Nilibaki nimesimama, na tangu siku ile nimekuwa mzazi wako, hata pale nisipojua kazi hiyo inafanywaje.

Sitakuandikia habari za mswaki, wala za kufunga nywele, wala namna ya kuwasalimia wakubwa. Mama Mudogo atakueleza hayo njiani mpaka masikio yachoke.

Kesho unakwenda naye Kampala kwa vacances, likizo ya shule. Hiyo ni kweli. Atakupeleka kwenye ile parc ya michezo iliyo katika picha yetu ya ukutani, na hiyo pia ni kweli. Wiki nzima hujalala vizuri. Umekunja nguo, umezikunjua, umeniuliza tena na tena kama lile gurudumu kubwa bado linazunguka. Jambo ambalo hujaambiwa ni hili: vacances zitakwisha na wewe hutarudi. Mama Mudogo amekutafutia shule kule. Utaishi kwake. Papa amekubali kwa simu kutoka Manguredjipa. Sanduku lako ni kubwa kwa sababu hiyo. Si kwa ajili ya baridi kama ulivyoambiwa; Kampala hakuna baridi inayoshinda ya hapa.

Nimelijua leo mchana, ulipokuwa umekwenda kuchota maji. Mimi nilikuwa natwanga majani ya sombe, Mama Mudogo anamenya ndizi.

"Mutoto hapana kuambiwa mambo yote," alisema. "Akijua atalia, atakataa kupanda gari, na kule frontière, kwa mpaka, bataniuliza kama nimemuiba. Acha aende na furaha yake. Akiona ile ma-jeux, ile michezo ya parc, atasahau."

"Mama Mudogo, Kavira pia hatukumuambia."

Kisu kilisimama katikati ya ndizi.

"Usiniletee ile mambo hapa kwa jiko, Masika."

"Sileti. Nasema tu."

"Weye uko na kichwa nguvu sawa mama yako." Akamenya ndizi nyingine, vibaya, nusu ya ndizi ikaondoka na ganda. Kisha akasema bila kunitazama, "Basi umuambie weye. Lakini akikataa, ni weye utajibu baba yenu."

"Nitajibu."

Ndiyo sababu naandika. Kwa mdomo, habari ya Kavira sijawahi kuifikisha mwisho.

Unajua kwamba ulikuwa na dada mwingine kati yangu na wewe, na kwamba watu wa porini walimchukua kule Beni. Hata bila kuambiwa ungejua, kwa kuwa kwetu Wanande jina linasema lenyewe: Masika ni binti wa kwanza, Kavira wa pili, Kavugho wa tatu. Anayetusikia tukiitwa, mimi na wewe, anajua kuna mmoja hayupo. Lakini hujui sisi tulikuwa wapi siku ile.

Papa alikuwa na lori wakati ule. Alikuwa akibeba kakao ya Beni kuipeleka Kasindi, na msimu ulikuwa mzuri. Jioni moja aliingia akicheka peke yake, akatuonyesha picha kwenye simu: gurudumu refu kuliko kanisa, watoto wanateleza ndani ya maji, gari-moshi dogo lenye uso wa mnyama.

"Tutaenda pale," akasema. "Wote. Sawa batu ba televizyo."

"Na mbuzi?" Mama akauliza.

"Mbuzi watabaki. Hawana passeport."

Sijawahi kuona nyumba ikipanga jambo kwa furaha kama ile. Mama aliazima sanduku kwa jirani. Alipanga mayai ya kuchemsha na kwanga, ile mikate ya muhogo, za njiani. Akanunua kitenge kimoja, cha rangi ya machungwa chenye ndege weusi, akatushonea magauni matatu: kubwa langu, la katikati la Kavira, na lako dogo kabisa, kwa sababu ulikuwa bado unabebwa mgongoni ukichoka. Alisema tukipotea kati ya watu atatutafuta kwa ndege.

Kavira alikuwa Beni, kwa Mukaka, mama yake Mama. Alipelekwa akae naye kwa kuwa Mukaka alikuwa amebaki peke yake. Njia ya Kasindi inapita Beni, basi tungemchukua pale. Papa akasema tusimwambie kitu. Tungefika tu, tungepiga honi mbele ya ule mlango wa bluu, naye angetoka mbio akifikiri Papa amepita na mzigo wa kawaida, halafu angetuona sote ndani ya lori tumevaa sawasawa. Tulicheka tukilifikiria. Mimi nilikwisha kuchagua mahali pa kujificha, nyuma ya kiti cha dereva.

Usiku wa kuamkia safari Mama alipiga simu Beni kusalimia, akanipa niongee na Kavira. Nilikuwa nabana kicheko kwa mkono. Aliniambia habari za paka wa jirani, kisha akasema, "Kesho tunaenda shambani na Mukaka, kuvuna kakao. Shamba iko mbali, miye naogopa ile njia." Nilisikia vizuri. Nilifikiri tutafika kabla hawajatoka. Nikamwambia, "Haya, lala muzuri." Sikusema, "Bakini nyumbani." Neno hilo moja tu lingeharibu surprise, nami sikutaka kuwa yule anayeiharibu.

Njiani mvua ilinyesha, na lori moja lilikuwa limekwama na kuziba barabara. Tulifika Beni tumechelewa. Papa akapiga honi. Akapiga tena, ndefu. Mlango wa bluu ulikuwa na kufuli. Jirani akatoka akijifuta mikono.

"Bameenda kwa shamba asubuhi," akasema. "Batarudi jioni."

Mama akasema, "Tubangoye."

"Convoi ya magari inaondoka sasa hivi," Papa akasema. "Bila baaskari siwezi kupita ile njia na batoto. Na leo tukibaki, nani anajua lini itatoka ingine? Tutamuletea zawadi. Mwaka kesho ataenda wa kwanza."

Mama aliendelea kutazama kufuli. Kisha akapanda. Gauni la katikati lilikuwa juu ya magoti yake, limefungwa katika plastiki.

Kasindi, mpakani, tuliacha lori. Papa alitoa kadi ya Congo katika simu, akaifunga kwa karatasi, akaiweka mfukoni, akatia kadi ya Uganda. "Tupumzike kidogo na makelele ya kwetu," akasema. Hakuna aliyeona ubaya.

Sasa nikuambie jambo gumu kuliko yote: tulifurahi. Ningekudanganya kama ningesema kwamba moyo ulinigonga, kwamba niliota ndoto mbaya. Sikuota kitu. Tuliteleza ndani ya maji na Papa akapoteza kiatu kimoja, akatembea siku nzima na ndala za kuazima, za kike, watu wakimcheka naye akiwapungia mkono kama mheshimiwa. Mama aliingia kwenye vigari vya kugongana akisema ni mambo ya kitoto, kisha akakataa kutoka. Wewe ulimkumbatia farasi mmoja wa mbao ukamwimbia. Nilikula barafu ya rangi ya pinki mpaka tumbo likauma.

Mwisho tukaenda kwenye gurudumu. Mtu aliyekuwa akiwapandisha watu alivaa shati la njano. Alimsikia Mama akiita, "Masika, shika Kavugho!" akageuka haraka. Alikuwa Mkonjo wa Kasese. Wale ni ndugu zetu wa ng'ambo ya mpaka, wana majina yale yale, lugha karibu ile ile. Akatusalimia kwa Kinande chao, Mama akaruka kwa furaha.

"Masika huyu, Kavugho huyu," yule mtu akasema akitazama ndege wa magauni yetu. "Na Biira mumemuacha wapi?" Ndivyo wao wanavyomwita Kavira.

"Yuko Beni na mukaka yake," Mama akacheka, akainua ile plastiki. "Tulimukosa. Ona, gauni yake ndiyo hii."

"Ah, mama! Munakuja kwa raha munaacha mutoto wa katikati? Yeye ndiye atakasirika kabisa." Kisha akaniambia, "Masika, sogea. Acha nafasi ya mukubwa wa Kavugho. Leo Biira atapanda bure."

Nikasogea mpaka ukingoni. Wewe ulikaa upande mwingine, Papa amekushika miguu kutoka kiti cha mbele, na Mama akaliweka gauni katikati yetu. Mpiga picha wa pale akatupiga. Umeniuliza mara nyingi kwa nini katika picha ile tumekaa mbali mbali, mimi na wewe, kama watu waliogombana. Ni kwa sababu hiyo. Ukitazama vizuri utaona plastiki inang'aa kidogo.

Tulipanda. Juu kabisa gurudumu lilisimama, nikaona mji wote na ziwa kwa mbali, nikawaza: nitamsimulia Kavira.

Tuliporudi Kasindi, Papa alirudisha ile kadi ya Congo. Simu ikaanza kulia ujumbe, mmoja juu ya mwingine, bila kupumzika, kama inayotetemeka kwa homa. Papa alisoma amesimama. Kisha akaketi kwenye ngazi ya lori na kumpa Mama simu.

Walishambulia mashamba siku ile ile tuliyopita Beni. Wakati tunapiga honi, labda walikuwa bado wanavuna. Mukaka alikuwa amekwisha kuzikwa na majirani, waliotupigia simu mpaka wakakata tamaa. Kavira hakuonekana kati ya waliokufa. Alionekana akipelekwa porini pamoja na wengine.

Hayo ndiyo yaliyotokea. Yaliyofuata uliyaona kwa macho ya kitoto. Jamaa walitaka kufanya matanga ya wote wawili. Mama alikataa. "Sitalia mutu sikumuzika," alisema. Kila aliposikia kuna watu wametoka porini, alikwenda kuwaona na gauni mkononi, awaonyeshe kitambaa na kuuliza. Mwanamke mmoja alimwambia ndiyo, alikuwako msichana kule aliyejiita Kavira, na kila jioni alikuwa anasema kwa sauti ndogo: mkubwa wangu Masika, mdogo wangu Kavugho. Mama alirudi nyumbani anakimbia. Papa ndiye aliyemwambia, polepole, kwamba huku kwetu kila Kavira ana Masika wake. Sijui kama alifanya vizuri kumwambia. Mama hakula siku zile, na ugonjwa ulipokuja haukukuta kitu cha kupigana nao.

Papa aliuza lori. Hakuweza tena kupita mbele ya ule mlango. Akaenda kwenye dhahabu ya Manguredjipa, nasi tukabaki wawili.

Nami nikakulea kwa hofu. Nilikukataza mto, nikakukataza sikukuu za wenzako, nikakukataza hata kucheka sana jioni, kwa kuwa kichwani mwangu furaha ilikuwa kama moshi: unaonekana kutoka mbali, unaita watu wabaya. Siku ulipofungua kasha la Mama ukalikuta gauni la katikati, ukalivaa, ukaja kunionyesha unazunguka, nilikuvua kwa nguvu mpaka mshono wa bega ukakatika. Nilikupiga. Hukujua umekosa nini, na mimi sikukueleza. Ulilala ukiwa umenigeuzia mgongo. Mshono ule niliushona usiku ule ule, lakini maneno sikuyashona mpaka leo.

Nimechelewa kuelewa, Kavugho. Ile parc haikumchukua Kavira. Barafu ya pinki haikumchukua, wala kiatu cha Papa. Waliomchukua ni watu wenye silaha, na wao ndio watakaojibu. Sisi kosa letu lilikuwa jingine, dogo, la watu wanaopendana: tulimpangia furaha yake bila kumshirikisha. Kama angejua tunakuja, angekaa kwenye kizingiti tangu alfajiri, amenawa uso, hata Mukaka angefanya nini asingemtoa. Namjua. Ndiyo maana leo jikoni sikuweza kunyamaza. Walikuwa wanakupangia surprise ya pili.

Usifikiri wanakutupa. Papa alilia kwenye simu, nilisikia ingawa alikohoa kuficha. Unaona mwenyewe darasa lako lilivyojaa watu waliokimbia kutoka Kayna, wanalala mahali unapokaa kusoma. Unajua kwamba mimi hulala nimevaa viatu. Mama Mudogo ana nyumba yenye mlango unaofungika, ana roho nzuri hata kama mdomo wake ni mkali, na kule utasoma mwaka mzima bila kukatizwa. Kama ningekuwa mama wa kweli, mwenye nywele nyeupe, nafikiri ningesema uende.

Utaniuliza kwa nini mimi siendi. Mama Mudogo aliniita pia. Nimebakiza mwaka mmoja nipate diplome, nami nataka kufundisha. Hiyo ndiyo sababu ninayowapa watu. Sababu nyingine nakupa wewe peke yako: watu bado wanatoka porini. Si wengi, lakini wanatoka, wengine baada ya miaka. Kavira akitoka, atakuja kwenye nyumba hii, kwa sababu hajui nyingine. Lazima amkute mtu anayemjua kwa uso, asihitaji kujieleza. Atakuwa karibu na urefu wangu sasa. Lile gauni haliwezi tena kumwingia.

Kwa hiyo nimeliweka katika sanduku lako, juu kabisa. Linakubana kidogo mabegani, nilipima na shati lako ulipokuwa umelala. Ukienda, livae siku ya parc. Panda gurudumu. Cheka mpaka tumbo likuume, na usinitazame mimi kichwani mwako kuomba ruhusa. Na mtu wa upande wa Kasese akisikia jina lako akauliza Biira yuko wapi, usiseme hayuko, na usiseme amekufa. Mwambie tunamngojea.

Beni, mwombe dereva apige honi mara moja mbele ya mlango wa bluu. Wanaishi watu wengine mle, watashangaa tu. Haidhuru.

Nimefika mwisho wa ninayoyajua. Ukikataa, sitakulazimisha, wala sitakukasirikia. Nitatoa sanduku lako kwenye gari kwa mikono yangu mbele ya Mama Mudogo, nitampigia Papa, na tutaendelea kama tulivyo, ila bila siri. Ukikubali, nitakufunga viatu mwenyewe, na vacances zote za mwaka wa diplome yangu nitazipitisha Kampala, unionyeshe ziwa kutoka juu. Usijibu kwa ajili yangu. Usijibu kwa ajili ya Papa. Maliza chai yako, kisha uje karibu na jiko uniambie kwa mdomo wako, kabla gari halijawashwa.

Kavira hakuna aliyemuuliza. Wewe nakuuliza, mwanangu: unataka kwenda?

Yaya wako,
Masika